Aliyejifungia Ndani

Boke alisema mbuzi atachinjwa Jumamosi, na anayetaka kukasirika aanze kukasirika leo, ili ikifika Jumamosi awe ameshachoka.

Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya uwanja wake pale Nyakunguru, kanga kaifunga kiunoni, ndoo ya maziwa mkononi. Aliyekuwa akiambiwa ni shemeji yake Simioni, mdogo wa marehemu mumewe, mzee ambaye tangu kaka yake afariki ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye mji ule. Au mwenyewe aliamini hivyo. Boke hakuwahi kumpinga mbele za watu, lakini siku hiyo, loo, alimpinga mpaka kuku wakatimka.

"Shemeji, nakuomba," Simioni alisema. "Majina yako mengi. Mtoto aitwe Chrispin. Ni jina zuri, la kanisani."

"Chrispin ni nani wako?"

"Si mtu wangu. Nasema tu jina ni zuri."

"Basi mpe mbuzi wako. Mjukuu wangu anaitwa Magige."

Magige alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa Boke, fundi wa injini katika jeshi la wanamaji. Aliuawa huko kusini, baharini, meli yao ya doria iliposhambuliwa. Alimwacha mkewe Agness na mimba kubwa, na mimba hiyo ndiyo ilikuwa sasa mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti, amelala ndani kwa bibi yake. Kila mtu aliyemwona alisema huyu ni Magige mtupu. Alisema hivyo kisha akafumba mdomo haraka, kana kwamba ametukana.

Maana kwenye ukoo ule jina la marehemu haliwekwi juu ya mtoto kimyakimya. Mbuzi anachinjwa. Wenzake marehemu wa saiga, yaani wale waliotahiriwa naye msimu mmoja, wanakuja, wanalitamka jina mbele ya mtoto, halafu wanakula kichuri, ile nyama inayokolezwa nyongo. Wakila, jina limekaa. Wakikataa kula, jina limeanguka na mwenye jina ameanguka nalo, wala hatajwi tena kwenye pombe ya wanaume. Na saiga ya Magige walikuwa wameshatuma salamu kwamba hawaji.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa neno moja tu.

Siku ya mazishi walikuja askari na lori, jeneza limefunikwa bendera, mambo yote kwa mstari. Katika wale askari alikuwemo mmoja mwenye mikono iliyofungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Aliitwa Konstantino, kijana wa Bukoba, na alikuwa kwenye meli ileile. Kabla ya udongo kurudishwa akaomba kusema. Akasimama kando ya shimo, machozi yanamtoka bila hata kuyafuta, maana angeyafutaje na mikono ile, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia:

"Mimi sina maneno mengi. Magige alijifungia ndani. Ndiyo maana sisi wengine tuko hai. Asante mama kwa kumzaa."

Akapiga saluti na bandeji zake, akarudi kwenye mstari.

Sasa wewe fikiri. Hawa ni watu wa Tarime. Hapa wezi wa ng'ombe wakiingia na yowe likapigwa, mwanamume anatoka. Awe mgonjwa, awe mlevi, awe hajavaa viatu, anatoka. Asiyetoka, akabana mlango wake na komeo, huyo kuna neno lake, na neno lenyewe ni hilohilo: alijifungia. Anatozwa ng'ombe, anatengwa, na wanawake wakimpita kisimani wanacheka. Ukitaka kupigana na mtu wa Nyakunguru usihangaike kumtukania mama, mwambie tu baba yako alijifungia.

Pale kaburini wanaume walitazamana. Nyangwine, mkubwa wa saiga ya Magige, mchimbaji wa dhahabu mwenye mabega mapana ambaye ndiye angetupa udongo wa kwanza, aliliweka jembe lake chini taratibu. Wa pili akaweka. Wa tatu akaweka. Askari wakadhani ndiyo desturi, kwamba wenyeji wanawapa heshima wageni. Wakayaokota majembe yale, wakafukia wenyewe kwa moyo mmoja, wakapanda lori lao na kwenda zao. Hawakujua wameacha nini nyuma.

Kuanzia siku hiyo Boke aliishi na neno lile kooni. Alimjua mwanawe. Alikumbuka alivyosimama kwenye kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Alikumbuka na siku yowe lilipopigwa upande wa mtoni, Magige ana homa, anatetemeka hata rungu halishiki vizuri, akamruka mama yake mlangoni akatoka. Mtu kama huyo anajifungia? Aka! Lakini neno amelisikia kwa masikio yake, na aliyelisema alikuwepo. Hapo ndipo hasira zilipompanda kwelikweli, maana kuna asubuhi akikamua ng'ombe lilimjia wazo kwamba labda bahari inabadilisha watu. Alilifukuza, likarudi. Alijichukia kwa wazo hilo kuliko alivyowachukia majirani.

Baada ya kumfukuza Simioni uwanjani, Boke alimwambia Agness ampigie simu yule kijana wa bandeji.

"Shikamoo mama," Konstantino aliitikia kutoka Dar es Salaam.

"Marahaba. Ulikuja hapa kwangu ukasema mwanangu alijifungia."

"Ndiyo mama. Alijifungia."

"Hebu rudia uone!"

Kijana akasema kwa upole, "Mama, sijaelewa kosa langu. Lakini nikuelezee ilivyokuwa. Siku ile alfajiri..."

"Ishia hapo hapo!" Boke alimkata. "Usinieleze mimi. Mimi ni mama yake, nikilibeba neno lako mpaka kwa wanaume watasema nimelipika. Njoo Jumamosi uliseme mbele yao, wakiwa wanakutazama machoni. Uliliacha neno hapa, uje ulichukue mwenyewe."

"Nitaomba ruhusa, mama. Nitakuja."

Simu ilipokatika Agness alikuwa anamtazama mkwewe kwa hofu.

"Mama, kwa nini hukumwacha aseme? Na akija Jumamosi akatuaibisha zaidi je?"

"Basi tutaaibika mchana kweupe, mbuzi akiwa jikoni. Na mtoto ataitwa Magige vilevile. Nitamwita peke yangu mpaka nife, na wewe utamwita, na ng'ombe wataitikia." Akanyanyua ndoo yake. "Mimi sitamzika mwanangu mara mbili."

Aliyasema kwa kishindo, lakini maziwa yakamwagika kidogo.

Jumamosi ilifika. Boke alimchinja mbuzi asubuhi, moshi ukapanda, harufu ikaenda mpaka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Wanaume wakaja. Msidhani walikuja kula! Walikuja kutazama mwanamke mwenye kichwa kigumu anavyoumbuka. Hakuna aliyevuka geti. Walisimama nje ya mji, wamekunja mikono. Nyangwine mbele yao, udongo wa duarani bado uko kwenye suruali yake, na mzee Simioni kando na fimbo yake, anaangalia chini. Geti lile la mabati lilikuwa wazi kabisa, na hakuna mguu uliolipita.

"Karibuni," Boke alisema.

"Hapa panatosha, mama," Nyangwine alijibu. Hakuwa na jeuri. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilimuuma Boke kuliko ambavyo jeuri ingemuuma, kwa sababu kijana huyu na Magige walikula sahani moja tangu utotoni.

Bodaboda ikatoka barabarani ikasimama. Konstantino akashuka, safari hii bila bandeji. Mikono yake ilikuwa imepona vibaya, ngozi nyekundu imekunjamana, vidole havinyooki. Akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamsalimia Boke, halafu akabaki amesimama kati ya wale wa nje na yule mama aliye ndani ya geti.

"Wewe ndiye ulisema maneno kaburini," Nyangwine alimwambia. "Yaseme tena."

"Nilisema Magige alijifungia ndani."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja akatema mate pembeni. Simioni akafumba macho. Boke akajikaza, akauliza swali ambalo hata mwenyewe hakujua limetoka wapi.

"Kabla ya kujifungia, mwanangu alikuwa wapi?"

"Alikuwa nje, mama. Alikuwa na mimi. Salama."

Nyangwine akashusha mikono aliyokuwa ameikunja. "Eleza vizuri, mura. Mtu yuko nje, salama, anajifungiaje?"

Konstantino akaeleza. Hakupamba, hakupandisha sauti.

Ilikuwa alfajiri, alisema, wako doria. Boti mbili ziendazo kasi zikatokea upande wa jua linalochomoza ili zisionekane. Kombora la kwanza likatoboa ubavu wa meli, chini, penye injini. La pili likapiga juu. Konstantino alikuwa kwenye bunduki kubwa. Mtutu ukapata moto, ukakwama, na wa kuubadilisha kwa glavu alikuwa ameshakufa, basi akaushika kwa mikono mitupu akaubadilisha. Aliisema hiyo haraka haraka kama jambo la aibu, akaendelea. Mpishi wao alitupa mwiko akawa anabeba risasi mgongoni, anapanda nazo ngazi huku anaimba pambio. Veronika, binti wa redio, mguu wake ulivunjika akaukalia, akaendelea kuita msaada kwa sauti ileile anayosomea hali ya hewa.

"Sasa kule chini," Konstantino alisema, "mlipuko ulimtupa Magige nje ya chumba cha injini, akaangukia kwenye ujia. Nikatumwa nimtazame. Nikamkuta amesimama, damu kichwani, anautazama mlango. Maji yanaingia. Ule mlango ukifungwa, maji yanabaki kwenye chumba kile kimoja na meli haizami. Ukibaki wazi, maji yanapita mpaka kwa wenzetu wote. Lakini makomeo ya upande wetu yalikuwa yamepindwa na mlipuko. Nilijaribu, yeye akajaribu, ikashindikana. Yaliyobaki mazima yalikuwa ya upande wa ndani tu."

Hapo mtu yeyote aliyefanya kazi duarani alikuwa ameshaanza kuelewa. Nyangwine alikuwa ameelewa. Aliwahi kuona duara likijaa maji, na alijua maji yanavyosikika yakipanda gizani.

"Maji," aliuliza polepole, "yalikuwa upande gani wa mlango?"

"Upande wake."

Sauti ya mafuta ya mbuzi yakidondokea motoni ikasikika.

"Nilimshika shati," Konstantino aliendelea. "Nikamwambia tuondoke, tutarukia boti ya kujiokolea. Akaniambia kuna majeruhi juu hawawezi kuruka, na injini isipozunguka wale adui wa boti watatumaliza kama kuku. Akanisukuma. Akaniambia, nenda nje ukapigane, huku ndani ni kwangu. Akaingia. Halafu, mama..." Akamgeukia Boke. "Halafu kabla hajauvuta mlango akacheka. Akasema, 'Konsta, ukifika kwetu usiwaambie nimejifungia. Kwetu mwanamume hajifungii.' Mimi nikadhani hapendi kusifiwa. Nikasema moyoni, lazima nikawaambie, mtu huyu anyimwe sifa kwa nini? Ndiyo nikaja nikasema. Mpaka mama aliponipigia simu na hasira zile, nikamuuliza Mkurya mmoja kambini maana ya neno hilo huku. Akaniambia. Sikulala."

Boke alikuwa amelishika geti. Alijua, mwanawe. Alijua neno lile litakavyofika nyumbani, alijua watakavyolitafuna, na bado akakivuta kile chuma. Kifo alikikubali, na juu yake akaikubali na aibu. Machozi yalimtoka Boke, akayaacha yatoke mbele ya wanaume wote wale.

"Injini ilizunguka?" Simioni aliuliza. Sauti yake haikuwa ya mwenye kauli ya mwisho tena.

"Ilizunguka, mzee. Aligonga mlango kwa spana kutujulisha bado yuko. Tukawa tunapigana tunasikia anagonga. Tulipofika kwenye maji mafupi meli ikapanda mchanga, boti zikageuza, na sisi tukashangilia. Tulipoacha kushangilia hatukusikia tena kugonga."

Nyangwine alivua kofia. Alitazama huku na kule kama mtu aliyepotelewa na kitu, kisha akapiga hatua kuelekea getini, na wenzake wote wa saiga nyuma yake. Simioni naye akasogea na fimbo yake.

Mabati yakalia. Boke alikuwa amelifunga geti usoni mwao, na komeo akaliteremsha.

"Mama?" Nyangwine aliita.

"Ng'o!" Boke alijibu kutoka ndani. "Leo na mimi nimejifungia. Kanitozeni ng'ombe."

"Mama, tumekosa. Tufungulie."

"Kaburi la mwanangu lina udongo wa askari! Watu wa Bukoba na sijui wa Lindi ndio waliomfukia, majembe yenu mmeyalaza chini kama mmechoka kulima. Mnakuja kwangu mikono mitupu kula nyama? Thubutu!"

Boke akasikia miguu ikiondoka, mingi, inakimbia. Agness akatoka ndani na mtoto, akamwangalia mkwewe kwa mshangao.

"Wameenda, mama?"

"Watarudi."

"Na wasiporudi?"

"Watarudi, nimekwambia. Geuza nyama isiungue."

Walirudi na majembe. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, nje ya ua, na Boke hakutoka kutazama. Alisimama palepale getini akisikiliza majembe yakiingia ardhini, udongo ukitupwa, mtu akilia kwa sauti nzito na wengine wakimwacha alie. Alimsikia na shemeji yake akiomba jembe, akiambiwa, mzee wewe pumzika, naye akikataa. Walipandisha udongo, wakaushindilia, wakazunguka na mawe. Konstantino hawezi kushika mpini kwa vidole vile, basi akasukuma udongo kwa mguu.

Kisha hatua zikaja getini zikasimama. Nyangwine akageuza jembe lake, akagonga bati kwa mpini, tena na tena, bila pupa, kama fundi anayejulisha walio upande wa pili kwamba bado yuko.

Boke akamchukua mtoto kutoka kwa Agness. Akamweka kifuani, uso kuelekea geti.

"Nani mnamtafuta?" aliuliza.

"Magige!" Nyangwine alisema.

"Sijasikia. Nina masikio ya kizee."

"Magige!" saiga nzima ilipaza sauti, na juu yao sauti ya Simioni, iliyochakaa, ikapasuka katikati ya jina. Mtoto akashtuka, akaanza kulia kwa nguvu.

"Haya," Boke alisema, "ameitika."

Akainua komeo akawafungulia, na wao wakaingia kula.